Mume wa Kwenye Picha: Historia ya Dhana Zinazoganda Akilini



Leo hatutazungumzia gauni wala hina. Tutazungumzia jambo lililotokea ndani ya familia yetu, ambalo tulilifanyia makosa mengi, na baada ya miaka ndipo tukajua kwamba historia yake ni ndefu kuliko tulivyodhani. Mwenyewe ametupa ruhusa tuliandike. Jina lake tunalisitiri.

Mama yetu mdogo alikuwa na miaka tisa ndani ya ndoa. Akajifungua mtoto wa tatu, mtoto akaishi siku sita, Mwenyezi Mungu akamchukua. Kabla arubaini haijaisha mama mdogo akaanza kusema kwamba mwanamme aliyemo nyumbani si mumewe. Uso ni ule ule, sauti ni ile ile, hata kovu la mkononi lipo, lakini si yeye. Ni mtu mwengine aliyeletwa badala yake. Akawa hali chakula alicholeta, na usiku anaufunga mlango kwa ndani na kuegemeza meza.

Sisi wakati huo ndiyo kwanza tumemaliza kozi ya ushonaji, na ujuaji ulikuwa mwingi. Tukasema hili jambo jepesi. Tukamtolea albamu ya harusi yake, tukamfungulia picha moja moja: "Si huyu? Si huyu hapa umekaa naye?" Akaitazama picha kwa muda, machozi yakamlenga. Akasema, "Huyu ndiye. Lakini yule aliyekaa ukumbini siye."

Tukacheka. Mpaka leo tukikumbuka kile kicheko tunaona haya.

Waliobaki nao walikuwa na yao. Wapo waliosema ana jini. Wapo walionong'ona kwamba anatafuta talaka kwa ujanja. Mmoja akathubutu kusema ana mwanamme nje. Miezi minne ikapita kwa mganga huyu na yule, bangili zake mbili za dhahabu zikauzwa, naye akazidi kukonda. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba karibu miaka mia moja kabla yake, katika mji wa Paris, mwanamke mwengine alikuwa amesema maneno kama yale yale, na madaktari wakayaandika. Na mwanamke yule alikuwa fundi wa nguo kama sisi.

Wasiwasi si dhana iliyoganda

Kwanza tuelewane maneno. Sote tunaujua wasiwasi. Tunamjua mtu anayerudia udhu mara tano kwa kuhofia kwamba tone halikufika kisiginoni, au anayerudi mara tatu kutazama kama jiko amelizima. Mtu huyu ana shaka. Ukimuuliza atakwambia mwenyewe, "Najua nimelizima, lakini roho haitulii."

Tunalolizungumza leo ni kinyume chake, kwani mgonjwa hana shaka hata chembe. Wote mna shaka, yeye ana yakini. Mwaka 1913 daktari wa Kijerumani, Karl Jaspers, aliandika alama tatu za dhana ya namna hii: mwenye nayo anaishika kwa uhakika mkubwa kupita kiasi, hoja wala ushahidi haumbadilishi, na jambo lenyewe haliwezekani. Madaktari huiita imani potofu, lakini sisi tunaogopa neno hilo lisije likachanganywa na mambo ya dini, kwa hivyo tutasema dhana iliyoganda. Haihusiani na udhaifu wa imani ya mtu, wala na elimu yake. Imewapata wafalme, wafanyabiashara na mafundi cherehani.

Mfalme aliyetiwa vyuma ndani ya nguo

Tuanze na mfalme, maana kisa chake kinatuhusu sisi mafundi.

Ufaransa ilikuwa na mfalme aitwaye Charles wa Sita. Alirithi ufalme mwaka 1380 akiwa na miaka 11, na mwaka 1385 akamwoa Isabeau, binti wa watawala wa Bavaria, Ujerumani. Agosti 1392, akiwa safarini na jeshi lake karibu na mji wa Le Mans, ghafla akachomoa upanga na kuwashambulia watu wake mwenyewe. Aliwaua kadhaa kabla ya kushikwa. Tokea hapo akawa anapona na kurudiwa, anapona na kurudiwa, mpaka alipokufa mwaka 1422. Ugonjwa ukimjia alikuwa hamtambui mkewe Isabeau, na pengine akikana hata jina lake mwenyewe.

Papa Pius wa Pili, aliyeandika katika karne hiyo ya 15, anaeleza kwamba mfalme huyu aliamini mwili wake ni wa kioo. Aliogopa kuguswa asije akavunjika, na akaamuru vyuma vitiwe ndani ya nguo zake ili vimkinge. Fikirini fundi wa kifalme, dada zetu. Sisi tumezoea kutia mifupa ya plastiki kwenye kiuno cha gauni la harusi ili likae wima. Yeye alitakiwa kumshonea mtu aliyedhani atapasuka vipande vipande.

Hakuwa peke yake. Kwa karne mbili tatu baada yake madaktari wa Ulaya waliendelea kuandika habari za wagonjwa wanaojiona ni wa kioo, mpaka mwandishi wa Kihispania, Cervantes, akatunga hadithi ya mtu wa aina hiyo mwaka 1613. Katika karne ya 19 alitokea Binti Mfalme Alexandra wa Bavaria, aliyezaliwa mwaka 1826. Yeye aliamini kwamba alipokuwa mtoto alimeza piano kubwa ya kioo na bado imo tumboni, kwa hivyo husimuliwa kwamba alipita milangoni kwa upande, taratibu. Alivaa nguo nyeupe tu. Hakuolewa, lakini alikuwa mwandishi na mfasiri wa hadithi, na aliwaandikia watoto.

Kwa nini kioo? Kwa sababu wakati ule kioo safi kilikuwa kitu cha thamani na cha kustaajabisha Ulaya. Kabla ya zama za kioo, matabibu wa Kigiriki na Kirumi walikuwa wameandika habari za wagonjwa waliojiona ni vyungu vya udongo, wanaokaa mbali na watu wasije wakagongwa wakavunjika. Hofu ni ile ile, ila udongo umekuwa kioo.

Kisha zikaja zama za mashine. Mjini London alikuwako mfanyabiashara wa chai, James Tilly Matthews, aliyetiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Bethlem mwaka 1797. Yeye alisema genge la wahalifu limejificha na mtambo mkubwa unaofuma hewa kama vile mtambo wa nguo unavyofuma nyuzi, na kwa mtambo huo wanamtia mawazo kichwani na kumtesa mwili kwa mbali. Ni zama zile zile ambazo Uingereza ilikuwa inajaa viwanda vya nguo na mitambo ya kufumia. Mwaka 1810 daktari wake, John Haslam, akatoa kitabu kizima juu ya mgonjwa huyu mmoja. Na karibu na wakati huo Matthews, akiwa bado amefungwa, alichora ramani za jengo jipya la hospitali ile, zikapelekwa kwenye mashindano, na akalipwa pauni 30 kwa kazi yake. Mtu aliyeamini hewa inafumwa kichwani mwake aliweza kuchora nyumba, mlango na dirisha mahali pake. Ugonjwa haukumla mtu mzima.

Leo wagonjwa hawasemi kioo wala mtambo wa kufuma. Wanasema simu imewekwa kitu cha kuwasikiliza, kamera imo ndani ya taa, mtangazaji wa televisheni anawasema wao. Huko kwetu utasikia pia jini na uchawi, kwa sababu ndiyo maneno tuliyokua nayo. Sisi mafundi tunaelewa upesi: kila zama ina kitambaa chake. Kitambaa kinabadilika, lakini mwili unaovishwa ni ule ule, nao ni hofu, huzuni, upweke, na ubongo uliopatwa na maradhi. Kosa letu kwa mama mdogo ni kwamba tulishughulika na kitambaa. Tulibishana juu ya mume, picha na kovu. Hatukuuliza kuna nini chini yake.

Mtoto wa mfalme aliyetaka kupikwa bokoboko

Wapo wanaodhani kwamba kumtibu mgonjwa wa akili ni mambo ya kizungu. Si kweli, na hapa historia yetu Waislamu inafaa tuijue.

Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu afya ya mwili na afya ya nafsi kwa pamoja. Alieleza kwamba nafsi nayo huugua kama mwili unavyougua, na kwamba mtu anayeangalia mwili tu ameacha nusu ya kazi. Baghdad, Damascus na Cairo zilikuwa na hospitali zilizoitwa bimaristani, zilizojengwa kwa wakfu. Ile ya Sultani Qalawun mjini Cairo ilijengwa mwaka 1284, na wagonjwa wa akili walikuwa na sehemu yao. Mjini Edirne, Uturuki, hospitali ya Sultani Bayezid wa Pili ilimalizika mwaka 1488, na msafiri Evliya Çelebi aliyefika huko karne ya 17 alieleza jinsi wagonjwa walivyotulizwa kwa muziki, sauti ya maji na harufu za maua. Tusiseme kila kitu kilikuwa kizuri, maana wagonjwa wakali walifungwa minyororo huko pia. Lakini kulikuwa na daktari, chakula na dawa. London nako, pale Bethlem, mpaka mwaka 1770 watu wa nje walikuwa wakiruhusiwa kuingia kuwatazama wagonjwa kama tamasha.

Kisa tunachokipenda zaidi ni cha Ibn Sina, tabibu mkubwa aliyezaliwa mwaka 980 na kufariki 1037. Mwandishi Nizami Aruzi wa Samarkand alikisimulia katika karne ya 12. Kijana mmoja wa ukoo wa watawala wa Buyid, katika nchi ya Uajemi, aliingiwa na dhana kwamba yeye ni ng'ombe. Alikuwa akilia kama ng'ombe na kuwaambia watu wamchinje, wapike harisa nzuri kwa nyama yake. Harisa ni kile chakula cha ngano na nyama ambacho sisi visiwani tunakiita bokoboko. Kijana akaacha kula, akakaribia kufa.

Ibn Sina hakwenda kumwambia "wewe si ng'ombe." Wote waliomzunguka walikwisha kumwambia. Alituma ujumbe kwamba mchinjaji yuko njiani, kijana akafurahi. Kisha akaja na kisu mkononi, akaamuru ng'ombe alazwe na kufungwa, akampapasa mbavu kama wafanyavyo wachinjaji, halafu akasema: huyu amekonda mno, hafai kuchinjwa leo. Mlisheni anenepe kwanza. Kijana akaanza kula, na ndani ya chakula akawa anapewa dawa. Mwili ukapata nguvu, na dhana ikaondoka.

Hatukisimulii ili mkawadanganye wagonjwa. Ibn Sina alikuwa tabibu, sisi si matabibu. Tunakisimulia kwa sababu tabibu yule aliliona jambo ambalo wengine hawakuliona: kijana anakufa njaa. Hilo ndilo alilolishughulikia.

Fundi wa Paris na waume themanini

Sasa turudi kwa yule fundi wa Paris.

Katika vitabu vya madaktari anaitwa Bibi M. Alikuwa akishona nguo kwa nyumba kubwa za mitindo. Alizaa watoto watano, na wanne kati yao walifariki wakiwa wadogo. Akabakiwa na binti mmoja. Yeye hakukubali kwamba watoto wale wamekufa. Alisema wameibiwa. Mwaka 1918, vita vya kwanza vya dunia vikiwa bado havijaisha, alikwenda polisi kulalamika kwamba kuna watoto wamefungiwa vyumba vya chini ya ardhi, akataka askari waende kutazama. Akapelekwa hospitali.

Mwaka 1923 madaktari Joseph Capgras na Jean Reboul-Lachaux waliandika habari zake. Alisema mumewe ameondolewa na kuletwa mtu anayefanana naye, kisha huyo naye akaondolewa na kuletwa mwengine, mpaka wakafika themanini kwa uchache. Binti yake, alisema, amebadilishwa zaidi ya mara elfu mbili. Mpaka leo hali hii inaitwa kwa jina la daktari Capgras.

Tulipoisoma mara ya kwanza tuliinuka kwenye cherehani tukaenda kukaa nje barazani. Mama aliyezika watoto wanne, na akili yake ikamwambia kwamba hakuna aliyekufa, wote wamebadilishwa tu. Mama yetu mdogo naye alitoka kuzika. Hatusemi kwamba huzuni peke yake huleta maradhi haya, kwani wangapi wamezika na hawakuugua hivi. Lakini ilitosha kutufahamisha kwamba aliyokuwa akiyasema hayakutoka hewani.

Kwa nini akatae mume lakini akubali picha? Wanasayansi wametoa maelezo yanayoingia akilini. Tunapomwona mtu wetu wa karibu, ubongo hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kazi ya kwanza ni kuutambua uso. Kazi ya pili ni kuleta ile hisia ya ndani, ule moyo kuruka kidogo unapomwona wako. Katika miaka ya 1990 watafiti waliwaonyesha wagonjwa wa hali hii nyuso za jamaa zao na nyuso za wageni, huku wakipima jasho dogo la ngozi ambalo hubadilika mtu anapoguswa moyo. Kwa watu wengine, uso wa jamaa hulibadilisha jasho hilo kuliko uso wa mgeni. Kwa wagonjwa, hakukuwa na tofauti. Macho yanasema "ni yeye," mwili unasema "simjui huyu." Mtu akikaa na hali hiyo kila siku, atatafuta maelezo. Na maelezo anayoyapata ni kwamba huyu amebadilishwa.

Kwa hiyo mama mdogo hakuwa mwongo. Alikuwa akieleza jambo la kweli analolihisi, kwa maelezo yasiyokuwa ya kweli. Na ile albamu tuliyomletea ilimzidishia uchungu tu.

Mjini humo humo Paris, mwaka 1921, daktari Gaëtan de Clérambault aliandika habari za mwanamke mwengine wa Kifaransa, wa miaka 53, aliyeamini kwamba Mfalme George wa Tano wa Uingereza anampenda. Alikwenda London, akasimama nje ya kasri la Buckingham, na kila pazia likitikisika dirishani akaona ni ishara ya mfalme kwake. Upepo ukivuma, yeye anasoma barua ya mapenzi. Mtu anaweza kucheka. Lakini tukumbuke kwamba alikuwa peke yake kwenye nchi ya watu, akimsubiri mtu asiyejua hata kwamba yeye yupo.

Hofu ya wengi nayo huua

Pengine mtauliza: je, mji mzima ukiamini jambo moja, wote ni wagonjwa? Hapana. Jambo ambalo watu wameambizana na kuliogopa pamoja ni kitu kingine, na daktari hawezi kuliita maradhi. Lakini lina hatari yake.

Sisi tulikuwa wadogo mwaka 1995, hofu ya Popobawa ilipoanza Pemba na kuvuka mpaka Unguja. Tunakumbuka tulivyolazwa nje kwenye mikeka, majumba yote wazi, wanaume wamewasha moto, watu wazima wakipokezana kulala. Sisi watoto tuliona raha kama sikukuu. Tulipokua ndipo tukajua upande wa pili: katika siku zile, mjini Unguja, kijana mmoja mgonjwa wa akili aliuawa na umati wa watu waliomdhania kuwa ndiye Popobawa.

Tulifikirie hilo. Watu wazima wenye akili zao walioshikwa na hofu, na mgonjwa mmoja asiye na silaha. Aliyekuwa hatari usiku ule hakuwa mgonjwa. Ndiyo maana tunasema maneno yetu juu ya wagonjwa si mchezo. Tukizoea kuwaita watu wachawi, majini na mashetani, ipo siku atapatikana wa kuyachukua maneno yetu na kuyafanyia kazi.

Tuliyojifunza, na tunayowausia

Mama mdogo alipelekwa hospitali ya Kidongo Chekundu na mumewe mwenyewe, yule yule aliyekuwa akiambiwa kila siku kwamba si yeye. Alilala miezi minne kwenye mkeka nje ya mlango uliofungwa, na hakuwahi kumwinulia sauti. Mabiharusi, tunawaandalia nguo, hina na udi, masomo wanawafunza mambo ya ndani, lakini hakuna anayewaambia kwamba ipo siku mmoja wenu anaweza asimtambue mwenziwe, na ndoa ikabakia kwenye subira ya mmoja. Tunamwombea baba yetu mdogo kila tunapomkumbuka.

Dawa zilichukua wiki kadhaa. Dawa za namna hii si za zamani sana. Ya kwanza ilianza kutumika Paris mwaka 1952, na kabla ya hapo wengi waliishia kufungiwa maisha yao yote. Asubuhi moja alimwambia mumewe, "Umekonda." Basi. Hakusema zaidi, na yeye hakuuliza zaidi.

Yaliyobaki ni haya, na tunayaandika kwa ufupi ili mtu akitaka ayanakili.

Mtu wako akisema jambo lisilowezekana kwa yakini kamili, usibishane naye na usimkubalie. Muulize anavyojisikia: "Unaogopa? Unalala usiku? Umekula?" Hayo ana uwezo wa kuyajibu, na yatakwambia hali yake.

Mzazi akianza kusema au kufanya mambo ya ajabu baada ya kujifungua, haswa wiki mbili za mwanzo, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Humpata mwanamke mmoja au wawili katika kila elfu wanaojifungua, na hutibika. Asiachwe peke yake na mtoto, na msisubiri arubaini iishe.

Kisomo kisomwe, dua iombwe, na hospitali iendewe. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kutafuta tiba, na kwamba hakuna maradhi yaliyoteremshwa bila ya dawa yake. Anayekwambia uache dawa za daktari ili kisomo kifanye kazi hakutakii kheri. Na tumefundishwa pia kwamba kalamu huinuliwa kwa aliyepotewa na akili mpaka arejewe nayo. Ikiwa Mola wake hamwandikii, sisi ni nani tumwandike midomoni mwetu?

Na katika posa, ugonjwa usifichwe wala usitangazwe. Waambiwe wanaohusika, kwa staha, wachague wakiwa wanajua.

Mama mdogo sasa yuko nasi dukani siku tatu kwa wiki. Anatia vifungo na kupinda pindo kwa mkono, na mshono wake ni mzuri kuliko wa mashine. Bado anameza dawa. Juzi biharusi mmoja alikuja kujaribisha gauni, akawa anatuonyesha picha za mchumba wake kwenye simu. Mama mdogo akaitazama, akatabasamu, akamwambia, "Mtazame sana, mwanangu. Mpaka moyo umjue."

Biharusi alidhani ni maneno ya kiutu uzima tu. Sisi tukainamia cherehani, tukaendelea kushona.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na atusamehe vicheko vyetu. Amin.